Kaa, mto na nyanya: maswali ambayo wazazi na walimu huniuliza kuhusu vitawe kwa watoto wadogo

Nimefundisha Kiswahili katika madarasa ya chini, kwanza Malindi na sasa Nairobi. Kila muhula hakosi mzazi anayenijia na daftari la mwanawe mkononi. Mtoto aliambiwa aandike maana tatu za neno "paa", akaandika moja, akapata alama moja kwa tatu, akalia usiku mzima. Mzazi anataka kujua kama mtoto ni mzito. Mtoto si mzito. Aliyemchagulia neno ndiye aliyekosea. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi, nikayajibu kwa urefu ule ambao kila moja linastahili.

Vitawe ni nini, na vitate ni nini? Mimi mwenyewe huvichanganya.

Wengi huvichanganya, kwa hiyo usione haya. Kitawe ni neno moja lenye maana zaidi ya moja. "Kaa" ni kuketi, ni yule mnyama wa baharini mwenye magando, na pia ni kipande cha mkaa kinachowaka jikoni. Vitate ni maneno mawili tofauti ambayo matamshi yake yanakaribiana: fua na vua, bata na pata, kura na kula. Istilahi hizi ni za vitabu vya Kenya zaidi. Ukifungua kitabu cha Tanzania utakuta "maneno yenye maana zaidi ya moja", na wanafunzi wa sekondari huko hukutana na jambo hilohilo kwenye mada ya utata.

Mtoto wa miaka sita hana haja na istilahi yoyote kati ya hizi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu "maneno pacha", nao wananielewa.

Mtoto aanze akiwa na umri gani?

Umri hausemi mengi. Swali la kujiuliza ni hili: je, mtoto tayari anazitumia maana zote mbili katika maisha yake? Mtoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, anasema "ndege" akiona kunguru juu ya mwembe, na anasema "ndege" akisikia mngurumo wa ile iendayo Mombasa. Anazijua zote mbili. Asichokijua ni kwamba ametumia neno lilelile. Huyo yuko tayari kwa "ndege" hata kama ana miaka minne. Lakini mtoto huyohuyo hayuko tayari kwa "tembo" kwa maana ya pombe ya mnazi, na akifika Gredi ya 3 bado huenda hayuko tayari, wala hakuna haraka.

Hii ndiyo nguzo ya yote nitakayosema. Usimfundishe mtoto maana mpya na upacha wa neno kwa wakati mmoja. Maana aje nazo mwenyewe, wewe umwonyeshe kwamba zinaishi katika neno moja. Watoto wadogo hupenda kila neno liwe na kitu chake kimoja, na ukiwaletea kitu cha pili kwa jina la cha kwanza hukikataa. Lakini akiwa navyo vyote viwili tayari, hana cha kukataa. Anashangaa tu, na mtoto aliyeshangaa hasahau.

Nitajuaje kama neno ni rahisi au gumu? Yote naona yanafanana.

Hayafanani hata kidogo, na hapa ndipo wengi tunapoteleza. Nitaeleza ngazi kama ninavyozipanda darasani mwangu.

Ngazi ya chini ni maneno mawili yanayochoreka, yaliyo katika ngeli tofauti. Ndege, mbuzi, tai, kifaru, kamba. Yule anayeruka na mabawa ni "ndege huyu anaruka", ile yenye injini ni "ndege hii inaruka". Kifaru wa mbugani "amelala", kifaru cha wanajeshi "kimelala". Kamba aliye kwenye sahani "ameiva", kamba ya kuanikia nguo "imekatika". Mtoto akisikia sentensi nzima, upatanisho wa kisarufi umeshamnong'oneza jibu.

Ngazi inayofuata ni jina na kitenzi. Meza ya kulia chakula na kumeza dawa. Shuka la kitandani na kushuka kwenye matatu. Jua la mchana na kujua jibu. Ni rahisi pia, ila si rahisi kuchora, kwa hiyo nakawiza kidogo, halafu tunaigiza badala ya kuchora. Mmoja anashuka kitini, mwingine anashika shuka.

Kisha yanakuja maneno ambayo sarufi haisaidii. "Mto" ni mfano bora. Mto wa maji na mto wa kulalia wote ni ngeli moja: mto huu, mito hii, mto mrefu, mito mirefu. Hakuna kiambishi cha kumwokoa mtoto. Lazima asikilize sentensi yote na kufikiri. Nikisema "mto huu ni mkubwa", hata mimi sijui ninasema upi. Neno hili linaonekana jepesi kwa sababu watoto wote wanajua mto, lakini mimi siligusi hadi Gredi ya 2. Na likifika wakati wake, linafurahisha sana. Mtoto mmoja alinichorea mto umelala kifudifudi juu ya mawimbi, na chini yake akaandika "mto umeanguka mtoni". Nilibandika mchoro ule ukutani mwaka mzima.

Juu zaidi kuna vitenzi ambavyo maana zake ni ndugu: kufunga mlango, kufunga kamba za viatu, kufunga Ramadhani, kufunga goli. Watoto hutumia zote bila shida yoyote kwa mdomo. Ukiwauliza "funga maana yake nini?" wanakwama, kwa sababu kwao ni wazo moja lenye matawi, nao hawajakosea. Acha neno hili kwa Gredi ya 3, na hata hapo waombe watunge sentensi badala ya kuorodhesha maana.

Mtoto wangu hajawahi kuona mbuzi ya kukunia nazi. Nimtafutie picha?

Ukiwa na nafasi, mtafutie mbuzi yenyewe. Mtoto wa Malindi ameikalia tangu akiwa mdogo, anajua kile kibao na ule ulimi wa chuma wenye meno, na huenda umeshamkwaruza kidole. Kwake "mbuzi" ni neno la ngazi ya chini kabisa. Mtoto wa Nairobi ambaye nyumbani kwao tui linatoka kwenye pakiti, kwake neno hilohilo ni gumu, kwa sababu inabidi kwanza ajifunze kifaa. Picha itamsaidia kidogo, ila utakuwa umemfundisha msamiati mpya, na hilo ni somo jingine. Siku hiyo mpe "tai". Tai ndege amemwona kwenye kitabu, na tai ya shule iko shingoni mwake.

Nilijifunza hili siku niliyowaambia Gredi ya 1 wachore "kaa". Nilikuwa nimetoka Pwani mwaka huo, nikidhani nitapata karatasi zimejaa magando. Karibu wote walichora mtu ameketi kitini. Watoto wawili walichora jiko la makaa. Kaa wa baharini hakuwapo hata mmoja. Malindi, ningewapa watoto wa rika hilo zoezi hilohilo, angekuwa wa kwanza. Neno ni lilelile na umri ni uleule, lakini ugumu umegeuka kwa sababu ya mahali mtoto alipolelewa. Ndiyo maana siamini orodha za vitawe zinazosambazwa kwa "umri fulani" bila kuuliza mtoto anaishi wapi.

Mwanangu husema "hii ndege inaruka" hata kwa kunguru. Je, upatanisho utamsaidia?

Bado. Watoto wengi wa mjini hutumia "hii" na "yangu" kwa kila kitu, mbuzi wa nyama na mbuzi ya nazi vilevile. Ukimwambia asikilize kiambishi ambacho yeye mwenyewe hakitumii, unamwambia asikilize ukimya. Kwanza mzoeshe "ndege huyu", "mbuzi wangu", "kuku wako" kwa hadithi na nyimbo, wiki kadhaa, bila kumsahihisha kwa ukali. Mkiwa nyumbani, yeye akisema "hii kuku imetoroka", wewe jibu, "Ala! Kuku huyu ametoroka tena?" Anasikia, anazoea. Vitawe vitangoja.

Kuna mtego mmoja ambao nauleta hapa kwa sababu huwanasa hata walimu. Kwa majina ya jamaa tunasema "baba yangu", "dada yangu", "nyanya yangu". Sasa "nyanya yangu" ni mzee wangu mpendwa au ni tunda langu la mchuzi? Kimilikishi hakisemi. Kitenzi ndicho kinachosema: nyanya yangu amekuja, nyanya yangu imeiva. Watoto hulipenda jozi hili kwa kicheko, lakini kumbuka Tanzania wengi humwita "bibi", kwa hiyo mtoto aliyehamia kutoka Arusha huenda akabaki anashangaa kwa nini wenzake wanacheka.

Nyanya yake mtoto, mzaliwa wa Mombasa, anasema "paa" na "paa" hayatamkwi sawa. Nani yuko sahihi?

Nyanya yuko sahihi. Hapa naomba nikae kidogo, maana ni jambo ninalolipenda na linalodharauliwa.

Katika lahaja za Pwani, kama Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, kuna sauti zenye mpumuo, yaani pumzi inayosukumwa nje pamoja na sauti, na zisizo na mpumuo. Chukua kikaratasi chepesi, ukishike mbele ya midomo. Mwombe nyanya aseme "paa" la nyumba. Karatasi haitikisiki sana. Kisha aseme "paa" yule mnyama anayefanana na swala; karatasi inapepea. Vivyo hivyo "kaa" la moto halina mpumuo, na "kaa" wa baharini anao. "Tembo" la mnazi halina, "tembo" mwenye mkonga anao. Maandishi sanifu tunayotumia hayauonyeshi mpumuo huo, kwa hiyo kwenye karatasi maneno yanakuwa pacha ilhali masikioni mwa mzee wa Mombasa si pacha kamwe.

Kwa mwalimu hii ina maana kubwa. Mtoto aliyelelewa na nyanya wa Kimvita atakapoambiwa kwamba "kaa" na "kaa" ni neno moja, ataona mwalimu hasikii vizuri. Usimkatalie. Mwambie, "Kweli, wewe unazisikia mbili. Tukiandika tu ndipo zinafanana." Kisha mpe nafasi awaonyeshe wenzake kwa kikaratasi. Nimeona mtoto mkimya wa Kibokoni, mtaa wa Pwani, akiwa mwalimu wa darasa zima kwa dakika tano, na baada ya hapo hakuwa mkimya tena.

Mkazo pia una kazi yake. Barabara tunayopita tunaikazia silabi ya pili kutoka mwisho, ba-ra-BA-ra. Tukisema kazi imefanyika barabara, yaani vizuri kabisa, wengi hukazia ba-RA-ba-ra. Hili ni la watoto wakubwa kidogo, tuseme Gredi ya 4.

Kwa mtoto wangu "kura" na "kula" ni neno moja. Nifanyeje?

Basi kwake ni vitawe, ingawa kitabu kinasema ni vitate! Mtoto husikia kwa masikio aliyofunzwa nyumbani. Kikuyu hakina sauti ya l, kwa hiyo l na r huingiliana. Dholuo haina z wala sh, kwa hiyo "zaa" na "saa" zinagongana, "shaba" na "saba" vivyo hivyo. Mtoto huyo hana kasoro ya ulimi wala uvivu. Ana lugha nyingine kamili kichwani, na hiyo ni mali.

Usianze na imla. Ukimsomea "mama anapiga kura" naye akaandika "kula", kalamu nyekundu haitamfundisha kusikia. Anza na masikio. Weka picha mbili mezani, sanduku la kura na sahani ya ugali. Sema neno moja, aguse picha. Mwanzo atabahatisha. Usimwambie amekosea; rudia neno polepole, aone midomo na ulimi wako. Dakika tatu kila siku zinatosha. Akishagusa picha sahihi mara nyingi mfululizo, badilishaneni zamu: yeye aseme, wewe uguse. Hapo atasikia kinywa chake mwenyewe. Kuandika kuje mwisho.

Kiingereza wana mazoezi mengi ya aina hii. Naweza kuyatafsiri?

Hapana, yataharibika njiani. Mtoto wa Kiingereza anapewa "see" na "sea" achague tahajia, kwa sababu maneno yao hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Ukiacha mpumuo na mkazo, Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa; yanayotamkwa sawa huandikwa sawa. Macho hayana cha kuchagua. Zoezi letu lazima liwe la sentensi: neno linasimama na jirani zake, na jirani ndio wanaolitambulisha.

Maneno mangapi kwa wiki?

Mawili. Nikiwa na darasa changamfu, matatu. Zaidi ya hapo wanakariri.

Mazoezi gani yanafaa? Nimechoka na "toa maana mbili za neno".

Hata mimi nimechoka nalo. Kueleza maana kwa maneno ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima. Jaribu kueleza "panda" bila kusema "panda". Mtoto anaweza kulijua neno vizuri kabisa na ashindwe kulieleza. Swali hilo lilizoeleka tangu enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, likateremka hadi madarasa ya chini ambako halikuwa na kazi.

Ninalolitumia zaidi ni karatasi iliyokunjwa katikati. Nasema sentensi mbili: "Baba anapanda mti kupunguza matawi." "Baba anapanda mti karibu na mto." Mtoto anachora ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Baba wa kwanza yuko juu na panga, wa pili ameinama na jembe. Mchoro unaniambia kila kitu. Mtoto aliyechora baba yuko juu ya mti pande zote mbili, najua nimrudishe kwenye maneno ya ngazi ya chini, na hakuna aliyemcheka wala kumpa sifuri.

Mchezo wa pili hauhitaji hata karatasi. Nasema nusu ya sentensi, wao wanamalizia: "Nimeona ndege..." Mmoja anasema "kwenye kiota", mwingine "ikitua uwanja wa Wilson". Darasa linaamua ni ndege yupi au ipi. Nyumbani mnaweza kuucheza kwenye foleni ya magari.

Vitendawili pia vinafaa sana, ukivitunga mwenyewe kwa maneno ya mtoto. "Kitendawili!" "Tega!" "Mmoja nauvuka, mwingine naulalia." Watatega vyao kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Mtoto anajua maana moja tu na anaishikilia kwa nguvu. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Liache neno hilo, chukua jingine, rudi baada ya mwezi. Ila ukiona hasikii tofauti hata kwa vitate vya mbali kama "bata" na "kata", au anakuomba urudie kila mara, au anaangalia midomo yako kupita kiasi, mpeleke hospitalini akapimwe masikio. Masikio yaliyoziba hufichama kwa muda mrefu nyuma ya "mtoto hasikilizi".

Tunaishi ng'ambo, Kiswahili anakisikia kwetu wazazi tu. Tuanzie wapi?

Jikoni na chumbani, kwa vitu vilivyo mbele yake. Meza na kumeza. Shuka na kushuka kitandani. Nyanya za kachumbari, na nyanya kwenye simu Jumapili. Achaneni na paa, tembo na mbuzi ya nazi hadi mtakapokuja nyumbani likizo, ashike mwenyewe.

Nitajuaje kwamba ameelewa kweli, hakukariri?

Atakuletea maneno yake ambayo hukumfundisha. Msichana mmoja wa Gredi ya 2 alinyoosha mkono katikati ya somo la hesabu, akauliza, "Mwalimu, mbona nikisema *sitalala* kuna *sita* ndani?" Hicho si kitawe, na sikumwambia si kitawe. Nilimwambia atafute nambari nyingine zilizojificha. Kesho yake alikuja na "nitatupa", amezungushia "tatu" kwa kalamu ya rangi. Ijumaa alifika kabla ya kengele, akaniambia mama yake alikuwa anamimina chai asubuhi, naye akapiga kelele mezani kwa sababu ameona "kumi" ndani ya "kumimina".